Fundi Aliyesema Hutajuta

Fundi wa kompyuta wa mtaani kwetu hupuliza kibodi kabla ya kuigusa, kama mtu anayepoza uji. Kila mashine iliyochoka aliitia mfumo wa Linux, ule wa bure badala ya Windows, akimwambia mwenye mashine yaleyale: "Hutajuta." Mashine ya dada yake nayo aliitia Linux kabla hajaolewa mbali, na kila Jumamosi walikutana mtandaoni kwenye mchezo wa mbio za magari, yeye akipayuka, "Kata kona, dada!" Mwezi uliopita wenye mchezo, bila hata hodi, waliwafungia mlango watu wa Linux. Bado Jumamosi fundi huvaa spika zake za masikioni, hubonyeza "Cheza", husoma katazo linalojitokeza kwenye skrini mpaka nukta ya mwisho. Jana dada akampigia simu. "Kaka, si ulisema sitajuta?" Fundi akapuliza kibodi iliyokuwa safi tayari. "Nilisema, dada."