Mafuta ya Nazi Ndani ya Injini ya Subira

Kila kipupwe kikiingia, mafuta ya nazi niliyoyaweka kwenye rafu ya jikoni huganda. Asubuhi nayakuta meupe ndani ya chupa, hayadondoki hata uigeuze kichwa chini, na ukiifungua, harufu yake ni ile ile ya jikoni kwa Bibi, pale Gazi. Mume wangu huniambia niiweke juani tu, yatayeyuka. Hajui kwamba kila niionapo chupa hiyo huingiwa na hofu kidogo kwanza, halafu hucheka peke yangu. Nyinyi nitawaeleza sababu, maana Baba, aliyekuwa na haki ya kunichapa, siku hizi hata fimbo ya kutembelea huishika kwa tabu.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea nazi na machungwa kutoka mashamba ya Msambweni hadi Ukunda. Watu wa Gazi waliliita gari lile Subira, kwani ndiyo aliyoihitaji kila aliyelipanda. Mlango mmoja ulifungwa kwa kamba ya katani, na kila lilipokuwa likiwashwa, moshi wa buluu uliwatawanya kuku wa mtaa mzima. Lilikuwa na kiu ya oili isiyoelezeka, lakini Baba alilipenda, na ukilisema vibaya mbele yake ujue umemsema yeye.

Mwaka ule Bibi, mama yake Baba, alijaaliwa kwenda Hija. Alikuwa akiitamani safari ile tangu Babu yu hai. Ndege ilikuwa ya jioni kutoka Mombasa. Kabla ya ndege palikuwa na feri ya Likoni, na kabla ya feri palikuwa na Subira. Jamaa zetu waliofanya kazi kwenye mahoteli ya Galu walijitolea kumpeleka kwa magari mazuri. Bibi alikataa. Alisema atapelekwa na mwanawe, ndani ya gari la mwanawe, na mazungumzo yakaishia hapo. Baba alivimba kifua kwa siku mbili, kisha akaanza kukosa usingizi. Subira likizimika njiani, ndege haitamngoja mtu, na Bibi hakuwa na umri wa kuambiwa asubiri mwaka mwingine.

Basi siku moja kabla ya safari aliitwa Fundi Mutua, mtu wa bara aliyekuwa na gereji yake Ukunda. Binamu yake Baba, Ami Salimu, naye alikuja na kopo lake mkononi. Ami Salimu alikuwa dereva wa Mzungu mmoja wa Galu aliyependa magari ya mbio, na kopo lenyewe lilikuwa na picha ya gari jekundu la mashindano. Alituhakikishia kwamba Subira likinywa oili ile litakuwa kijana tena.

Fundi Mutua alitia tone moja kati ya vidole viwili, akalisugua, akatikisa kichwa.

"Hii ni nyepesi sana," alisema. "Ni ya injini mpya, yenye vyuma vimebanana. Hii yako ni mzee, vyuma vimelika, kumekuwa na nafasi. Ukiiwekea hii, ingine itavuja na ingine itaungua. Mzee apewe nzito."

Akamfahamisha Baba namba zilizoandikwa kwenye makopo. Ya mwanzo ni ya injini ikiwa baridi, ya mwisho ni ya injini ikishachemka, na kwa gari la umri ule, katika joto letu hili, alitaka ya mwisho iwe hamsini. Wala isizidi hapo, alisema, kwa kuwa oili nzito kupita kiasi huchelewa kupanda, na vyuma husagana vikiwa vikavu. Baba alinunua makopo mawili, la kubadilishia jioni ile na la kuongezea njiani. La Ami Salimu liliwekwa ukumbini kwa heshima ya udugu.

Mimi nilikuwa nimechuchumaa karibu na gurudumu, na katika somo lote lile nililolibeba ni moja tu. Mzee apewe nzito.

Sasa lazima niwaambie habari za Bibi na mafuta ya nazi. Alijipaka magotini, akapaka bawaba za milango, akatia kwenye cherehani yake, na ungemuuliza angekuapia kwamba vyote vimepona, ijapokuwa cherehani ilikuwa imenata tangu mwaka juzi. Mimi nilimwamini. Asubuhi ya safari niliingia jikoni nikaikuta chupa yake imeganda. Niliigeuza kichwa chini. Hata tone halikushuka. Nikajua nimepata mafuta mazito kuliko yote duniani, tena yako nyumbani kwetu, na Fundi Mutua masikini ni mtu wa bara, angeyajulia wapi?

Ili niweze kuyamimina ilinibidi niyayeyushe kando ya moto. Jambo hilo lilipaswa kunifungua akili, lakini halikunifungua. Nilipanda juu ya bampa, nikafungua kile kifuniko nilichomwona Baba akikifungua kila siku, nikayamimina yote, nikapangusa kwa upindo wa kanga. Niliteremka nikiwa na furaha ya mtu aliyetoa sadaka.

Baadaye Baba alichomoa kijiti cha kupimia, akaona oili imepita alama, akatabasamu. "Leo Subira halijanywa kitu," alimwambia Ami Salimu. Harufu hakuisikia. Ua mzima ulikuwa ukinukia nazi, kwa sababu kina mama walikuwa wakipika wali wa kuwalisha watu waliokuja kuaga.

Nilikula furaha yangu hadi wakati wa chakula. Nilikuwa nikizungusha birika la kunawia mikono, na Fundi Mutua, ambaye alialikwa pamoja na wageni, alikuwa akiwasimulia wanaume habari za dereva mmoja wa lori kule Samburu. Oili ilimwishia njiani, akaona ajiokoe kwa mafuta ya kupikia. "Ilishika," alisema Fundi. "Injini nzima ikakuwa chuma moja. Lori ikaburutwa."

Maji niliyamwagia kwenye mkono wa kanzu ya mtu. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikasimama. Nilitaka kusema, nikashindwa. Kila nilipofungua mdomo nilimwona Bibi amekaa kando ya barabara juu ya sanduku lake, na ndege inapita juu.

Anayekwenda Hija huku kwetu haondoki hivi hivi. Huwapitia watu mmoja mmoja akiwataka radhi, kwa kuwa huko aendako hataki kufika na kinyongo cha mtu. Bibi alikuwa amekwisha kuwapitia majirani, hata yule Mwanaisha aliyekuwa hasemi naye miaka sita kwa sababu ya mbuzi, wakaliana mabegani mpaka tukaona haya sisi. Zilikuwa zimebaki dua na safari. Baba alikuwa ameshika ufunguo.

Ndipo Bibi alipoulizia niliko. Niliitwa, nikaja nikiangalia miguu yangu. Akashuka chini na magoti yake yale mabovu, akakaa kwenye mkeka mbele yangu mimi, mtoto wa miaka tisa, watu wote wakitutazama.

"Mjukuu wangu," alisema, "mimi nasafiri, na kurudi ajuaye ni Mungu. Ikiwa nimekukosea, kwa kujua au kwa kutojua, nakutaka radhi."

Nikaangua kilio. "Bibi, nimelitia Subira mafuta yako ya nazi."

Fundi Mutua aliacha sahani yake akakimbilia garini. "Imewashwa?" aliuliza. Baba akasema bado, na mkono wake tayari ulikuwa kwenye mkanda wa suruali. Alikuwa amebadilika rangi.

Bibi hakuinuka. Alinyoosha kiganja tu.

"Usimguse. Nimemtaka radhi na bado hajanijibu. Akinijibu, atakuwa mtu aliyenisamehe, na mtu aliyenisamehe hapigwi mbele ya macho yangu." Kisha akanigeukia, sauti yake ikashuka. "Haya, mama. Nijibu."

"Nimekusamehe, Bibi," nilisema mbio mbio, macho yangu yakiwa kwenye ule mkanda.

Yaliyofuata yalikwenda upesi. Kwa kuwa injini haikuwa imezunguka, mafuta yangu yalikuwa yamelala chini hayajapanda popote. Fundi alilala chini ya gari na suruali yake ya kutokea, akafungua nati, oili ikateremkia kwenye beseni la kufulia ikinukia sambusa. Kisha akaagiza lile kopo la Ami Salimu. Oili nyepesi, alisema, ndiyo hasa ya kusuuzia. Aliitia, akawasha injini kwa dakika chache tu bila kukanyaga pedali ya mafuta, akaizima, akaimwaga nayo. Ami Salimu alisimama kando akiwaeleza watu kwamba hilo ni kopo lake. Lile kopo la pili, la kuongezea njiani, likamiminwa lote. Imamu aliifupisha dua. Subira likawaka, likatoa moshi wake wa kawaida, na sijapata kuona moshi mzuri kama ule.

Baba alirudi usiku, isha imeshapita. Nililijua gari kwa mlio kabla sijaliona. Aliteremka, akasema Bibi amepanda ndege salama. Nikakaa pale pale kizingitini, nikicheka na kulia. Baba alichomoa kijiti, akakitazama, akanitazama na mimi. "Oili imeshuka kidogo tu," alisema, akaingia ndani. Habari ya mkanda hajaitaja tena mpaka leo.

Bibi alirudi na tende na maji ya zamzam, akaishi miaka mingi baadaye. Mimi niliendelea kuamini kwamba niliokolewa na desturi, kwamba alinijia kwa kuwa nilikuwa kwenye orodha ya watu, kama Mwanaisha na mbuzi wake. Nilikuwa nimeshazaa siku nilipomuuliza kwa mzaha, yeye alimkosea nini mtoto wa miaka tisa hata akashuka chini mbele yake.

Hakucheka. Alisema mwezi mzima ule nilikuwa nikimfuata nimuulize kama gari litafika, kama atarudi, nitalala na nani, na kila mara alinifukuza niende nikacheze, kwa kuwa moyo wake ulikuwa umeshafika Makka. "Nilikuwa nakuona kama kigoda, mwanangu. Nilijua nakukosea. Nisingeweza kusimama mbele ya Al-Kaaba na jambo hilo."

Kumbe alikuwa ameleta kosa lake kamili, akaliweka mbele yangu, akangoja. Na mimi nilimjibu huku nikiuangalia mkanda, bila hata kujua nilichokuwa nikimsamehe. Nashukuru tu kwamba nilimjibu.