Mume wangu aliwafungulia wengine njia, lakini akamkatalia mtoto wetu

Wapendwa wa ukurasa huu, jina langu naomba libaki kwa admin. Mimi ni mama wa miaka thelathini na moja, naishi Kampala kwenye kota za polisi. Mume wangu ni askari, kwao Gulu. Binti yetu nitamwita Aber.

Wakati wa korona Aber alifikisha umri wa chanjo ya surua. Kituo chetu cha afya kilikuwa kimesimamisha kliniki ya watoto, nikaambiwa niende hospitali ya Mulago. Nchi ilikuwa imefungwa, teksi hakuna, boda zimekatazwa kubeba watu, nami nilikuwa natoka kuugua malaria, kwa miguu nisingefika. Mume wangu ndiye aliyesimamia kizuizi cha barabara hiyo. Nikamwomba atuache tupite na boda. Akakataa.

"Mama Aber, subiri wafungue. Chanjo haikimbii."

Nikasubiri, surua ikaja kwanza. Homa ilimchoma mtoto, masikio yakatoa usaha. Alipona, lakini nikimwita hageuki. Nilidhani ni uchovu tu. Daktari wa masikio akatuambia hatasikia tena. Baba yake alimbeba hadi nyumbani, na hajawahi kulizungumzia.

Nilijilazimisha kumsamehe, nikasema amri ni amri. Hadi juzi, kwenye harusi ya jirani, mama mmoja akanishika mikono kunishukuru. Alisema siku zile alikuwa juu ya boda, uchungu wa kuzaa umembana, na mume wangu akawafungulia njia. Si yeye peke yake, wengi walipita. Mtoto wake alikuwa pale anacheza muziki.

Nyumbani nikamuuliza mume wangu. Akasema, "Wale hawakuwa watu wangu. Wewe ungepita, wangesema afande anapendelea mke wake."

Tangu hapo napika, nafua, lakini sina la kumwambia. Yeye anataka tuzae mwingine, na mama mkwe anapiga simu kila mara kuuliza. Aber naye hampendi mtu yeyote kuliko baba yake. Akirudi kazini anamrukia, anamshika uso amsome midomo. Nikiondoka naye, namnyang'anya furaha pekee aliyo nayo. Nikibaki, nalala na mtu ambaye nikimwangalia naona kile kizuizi.

Nimeomba Mungu mpaka nimechoka. Ninyi mngeishije naye? Nishaurini, mimi nimeshindwa.