Manowari ya Baba na Timazi Yake

Niseme wazi tangu mwanzo: yule kijana wa Mkata nilimtaka. Nilimwona stesheni ya Mnyuzi akimsaidia mama mmoja kupakia mikungu ya ndizi, na tangu siku hiyo chakula kikawa hakinipiti. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba zamani wasichana tulichaguliwa tu kama mbuzi mnadani. Mimi nilishachagua, nilikuwa nangoja wazee wamalize mambo yao.

Wazee wenyewe sasa! Baba yangu alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha katani kule Ngombezi, enzi za Mwingereza. Meneja mmoja wa shamba alipokuwa anarudi kwao Ulaya alimgawia baba picha kubwa ya turubai, ya manowari ya kale yenye matanga, imelalia ubavu kwenye mawimbi, moshi wa mizinga kila upande. Alimweleza kwamba hiyo ni nakala tu, imepigwa chapa. Yenyewe hasa imetundikwa katika jumba fulani huko kwao. Baba aliibeba kichwani toka Ngombezi hadi nyumbani Korogwe, akitangaza njia nzima, "Nakala tu hii! Yenyewe mngeiona!" Kana kwamba yeye aliiona.

Mama alifurahi kwa sababu zake. Ukuta wetu wa sebuleni ulikuwa na ufa wa kuingia mkono, na wageni wa posa kutoka Mkata walikuwa waje Jumapili. Picha ile iliufunika wote.

Shida ikawa kuitundika. Kiwandani baba hakufunga kitu bila timazi, ile kamba yenye kipande cha chuma cha kupimia wima. Akaishusha mbele ya mlingoti mkubwa wa manowari, akaguna. Mlingoti umelala! Akaizungusha picha mpaka mlingoti ukafuata kamba sawasawa. Meli ikasimama wima. Sasa fremu ndiyo iliyokwenda upande, kona moja inatazama dari, nyingine inatazama mtungi wa maji.

"Mume wangu, imepinda," mama alisema.

"Imepinda nini? Nimefunga mashine za katani miaka yote hii, leo nishindwe na meli?"

Mama akaniangalia, nami nikamwangalia. Baba akishasema "miaka yote hii", mazungumzo yamekwisha.

Jumapili wakashuka kwenye basi watu watatu: mshenga, baba mkubwa wa yule kijana, na shangazi yake. Nilipiga goti, nikatoa shikamoo, nikarudi nyuma ya pazia, maana desturi yetu mchumba haongei mbele ya wakwe. Nikachungulia. Lo! Wote watatu walikuwa wamelaza shingo upande mmoja. Baba mkubwa aliilaza mpaka kofia ikamdondoka. Shangazi, ambaye basi lilikuwa limemtapisha njia nzima, alikishika kiti kwa mikono miwili.

"Mzee mwenzangu," baba mkubwa alisema, "picha yako imekaa upande."

"Meli iko wima," baba akajibu.

"Sisemi meli. Nasema fremu."

"Fremu inasafiri kwenda wapi? Inayosafiri ni meli!"

Mshenga akakohoa. "Jamani, sisi tumekuja kwa jambo..." Nani alimsikiliza? Baba alishakwenda kuileta timazi. Baba mkubwa akasema timazi ni ya nyumba, si ya bahari. Baba akamuuliza bahari aliiona lini, huko kwenye mahindi ya Mkata? Hapo mgeni akasimama, akachukua fimbo yake.

"Twendeni zetu. Mtu haoni kilichopinda mbele ya macho yake, kesho ataliona kosa la binti yake?"

Damu ikanichemka. Yaani nimkose mume kwa sababu ya meli ya Wazungu, tena nakala? Nikatoka nyuma ya pazia na birika la chai, nikaliweka mezani, nikaishusha ile picha ukutani na kuiegemeza sakafuni, uso wake ukutani.

"Haya, haipo! Kaeni mnywe chai!"

Ufa wetu ukawa wazi mbele ya wageni. Mama akajifunika uso kwa kanga. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimejiharibia kwa mkono wangu mwenyewe, nikataka kulia.

Shangazi ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka machozi. "Kaka, hebu keti," akasema. "Kwetu kuna wanaume wanne wabishi kama wewe, na hatuna hata mtu mmoja wa kuwashushia picha. Huyu hatumwachi."

Nilipoolewa, baba alinipa manowari yake. Aliileta Mkata mwenyewe, timazi mfukoni, akaitundika vile vile alivyojua yeye. Mume wangu alikaa akimtazama, shingo upande, hakusema neno. Nilimpenda upya siku hiyo.

Baba ametangulia zamani. Wajukuu wakija huinyoosha fremu, "Bibi, picha yako imepinda." Nawaacha. Wakishaondoka naitoa timazi ile ile kabatini, naishusha mbele ya mlingoti, nairudisha picha alivyoiacha baba. Kamba huchezacheza, maana mkono wangu siku hizi unatetemeka, nami nangoja mpaka itulie.