Mpaka Uso Ushibe

Kwa miaka kumi na tisa hakuna mtu aliyekwenda hewani asubuhi katika kituo kile cha televisheni bila kupita mikononi mwa Mama Poda. Awe daktari aliyekuja kuzungumzia mafua, awe mchezaji aliyefunga bao la jana, wote walikaa kwenye kile kiti chake chenye mkono mmoja uliofungwa plasta, wakavishwa taulo shingoni, wakafumba macho. Na Mama Poda akipaka, anapaka! Tabaka la kuficha, tabaka la kusawazisha, halafu poda, halafu poda nyingine ya kuishika ile poda. Jina lile hakupewa bure.

Basi zikaja kamera mpya. Kamera zile, jamani, zilikuwa na umbea! Za zamani zilikuwa na staha, zikiona kitu zinanyamaza. Hizi mpya zinaona kila kitu na zinamwambia kila mtu. Msomaji wa habari za asubuhi, binti waliyemwita Sauti, akitabasamu kidogo tu, poda inapasuka pembeni mwa mdomo, na nchi nzima inaona ufa.

Mkuu wa vipindi alikuja Jumatano moja, akasimama mlangoni mwa chumba cha kupambia. Alikuwa mtu wa kipara na wa haraka, hata salamu aliitoa nusu.

"Mama Poda, huyu binti unampamba au unampiga lipu?"

"Mkuu, ndivyo nimempamba miaka yote."

"Ndiyo nasema. Mke wangu anaangalia tamthilia za Kikorea kutwa kucha. Wale watu nyuso zao utadhani wametoka kuoga sasa hivi. Wetu utadhani ametoka kwenye gunia la unga. Nakupa wiki mbili. Ukishindwa, kiti hiki kinatoka, na chumba hiki nakifanya stoo ya nyaya."

Akaondoka. Sauti, aliyekuwa bado ameketi na taulo shingoni, akamshika Mama Poda mkono. "Pole, mama." Mama Poda akamvua ile taulo. Iliuma, tena iliuma sana. Huyu binti alimjua uso wote: vivuli chini ya macho kwa sababu ya kuamka saa tisa usiku kila siku ya Mungu, na kile kikovu cha shavu la kushoto alichokipata utotoni kwa kuanguka juu ya ndoo. Miaka sita alikuwa akikificha, na hakuna mtazamaji aliyewahi kujua kama kipo. Leo anaitwa fundi lipu! Kulia asingelia. Alichofanya ni kujifunga kibwebwe.

Jioni ile alikaa sebuleni na simu, akatafuta hao Wakorea. Akampata mama mmoja wa makamo, mwenye sauti ya upole na vidole vyepesi, akifundisha namna ya kupamba uso ukaonekana haujapambwa. Maneno hayakueleweka, lakini chini yalipita maandishi ya Kiswahili yaliyotafsiriwa na mashine. Na mashine ikaandika hivi: "Piga uso mpaka ushibe."

Mama Poda akalisoma mara tatu. Akamwita mdogo wake, fundi cherehani aliyekuwa akiishi naye, akamkalisha kwenye stuli. Akajimwagia maji ya kulainisha uso viganjani. Akampiga.

"Dada! Nimekukosea nini?"

"Tulia. Bado hujashiba."

"Nimekula ugomvi gani mimi mpaka nishibe?"

Wakacheka mpaka machozi yakawatoka, na ikabidi waanze upya. Ila usicheke sana na wewe, maana katika lile neno la mashine ndimo kazi yote ilimokuwa. Mama Poda aliirudia video, akaangalia vidole na kuyaacha maandishi. Yule Mkorea hakusugua wala hakuburuta. Aligusagusa, tap tap tap, akasubiri ngozi inywe, ndipo akaongeza tone jingine. Maji kwanza, krimu baadaye, rangi mwisho. Na rangi yenyewe kidogo, kwa sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa, pale tu penye kivuli au doa. Palipo pazuri paliachwa. Mashavuni akagusa rangi iliyo laini kama krimu, juu juu, kama ya mtu aliyetoka kutembea. Mdomo ukaguswa katikati, rangi ikafifia yenyewe kuelekea pembeni. Kumbe miaka kumi na tisa yeye alikuwa akizilisha nyuso zenye njaa poda kavu!

Wiki nzima mdogo wake alishona nguo za watu huku uso uking'aa, na wateja wakamuuliza amepata mchumba gani.

Jumatano iliyofuata Mama Poda akaona yuko tayari. Akamkalisha Sauti, akamshibisha vizuri, akampaka na mafuta mepesi uso mzima mpaka akameremeta. Kwenye kioo cha chumbani alikuwa mzuri, wee! Hata mpita njia mwenye haraka angesimama.

Lakini kioo si taa za studio. Taa zile kumi na mbili zilipomwakia, paji la uso, pua na kidevu vikawaka navyo. Kabla habari ya pili haijaisha, simu za watazamaji zikaanza kuingia. "Mpeni maji huyo binti." "Ana homa, mnamlazimishaje kazi?" Mzee mmoja alipiga mara mbili kushauri apelekwe kupimwa. Sauti mwenyewe alikuwa mzima wa afya, anasoma bei ya mbolea.

Mkuu hakufika hata mlangoni. Alipaza sauti kutoka kwenye korido: "Sisubiri wiki mbili ziishe. Jumatatu! Baada ya Jumatatu nyaya zinaingia!"

Sasa wengi hapo wangerudi kwenye poda yao, au wangefungasha. Mama Poda alikwenda kumwomba fundi taa amwashie studio mchana, wakati hakuna kipindi. Akakaa kwenye kiti cha msomaji yeye mwenyewe, na kioo cha mkononi, na uso ulioshiba. Akageuka kushoto, akageuka kulia, akainama, jasho likimtiririka mgongoni. Alikaa saa nzima. Fundi taa akauliza kama yuko salama.

"Niko salama. Naziuliza hizi taa zako zinagusa wapi."

Taa zikamjibu. Paji, pua, kidevu: huko taa zenyewe zinaleta mng'ao, ukiongeza wako umemtia mtu homa. Pale anapopang'arisha fundi ni juu ya mfupa wa shavu peke yake, pa ukubwa wa ncha ya kidole. Na pale pengine patatu ipite poda, ndiyo, ile ile poda yake, ila kwa brashi ndogo, mguso mmoja. Alifurahi kama aliyekutana na ndugu yake sokoni.

Jumatatu Sauti alitakiwa kufika mapema kwa robo saa, akanung'unika, akafika. Vidole vikafanya kazi, tap tap tap, wakasubiri, tap tap tap. Saa kumi na mbili kamili binti akaenda hewani. Mama Poda akabaki kwenye chumba chake, akitazama kitelevisheni cha ukutani huku ameshikilia ule mkono wa kiti wenye plasta.

Nusu saa baadaye ikawekwa makala iliyorekodiwa, ya dakika tisa. Sauti akarudi chumbani kunywa maji, na Mkuu nyuma yake, anacheka.

"Simu zimejaa! Wanasema leo binti amependeza, hajapakwa kitu, uso wake mwenyewe kabisa. Umefanya la maana kumwacha hivyo hivyo, Mama Poda. Unaona sasa? Miaka yote tulihangaika bure, huyu hahitaji kupambwa. Kiti kitoke leo leo."

Mama Poda akauachia ule mkono wa kiti. Hasira ikampanda.

"Sauti mwanangu, kaa."

"Mama, nina dakika nane."

"Kaa."

Akachukua pamba, akailowesha, akamfuta shavu la kushoto, jicho la kushoto, nusu nzima ya uso kuanzia paji hadi kidevu. Pamba ikarudi ya kahawia. Akaushika mkono wa Mkuu, akaiweka pamba kiganjani mwake. Kisha akakigeuza kiti.

Upande wa kulia alikuwa binti aliyelala vizuri. Upande wa kushoto alikuwa binti aliyeamka saa tisa kwa miaka sita, na kivuli chini ya jicho, na kikovu cha ndoo.

Mkuu aliangalia huku, akaangalia kule. "Hili kovu limetoka wapi?"

"Liko siku zote," akasema Sauti. "Zimebaki dakika sita."

"Mrudishe!" Mkuu akapiga kelele. "Mrudishe alivyokuwa!"

"Nimrudishe mimi? Si ulisema hahitaji kupambwa?"

"Mama, tafadhali."

Safari hii Mkuu hakumwita Mama Poda. Alimwita mama. Vidole vikaanza, tap tap tap, bila haraka hata kidogo, na ilipobaki dakika moja taulo ikatoka na Sauti akakimbia. Kwenye kitelevisheni cha ukutani akaonekana anaendelea na habari za michezo, mzima, kama katoka kuoga.

Mkuu hakuondoka. Alisimama na ile pamba kiganjani, akajitazama kwenye kioo, akajigusa chini ya macho. Halafu, polepole, akakaa kwenye kiti chenye plasta.

"Nina kikao na wakurugenzi saa nne," akasema kwa sauti ya chini. "Hapa chini ya macho... na hiki kipara, kwenye taa kinawaka sana."

Mama Poda akakung'uta taulo, akamfunga shingoni.

"Fumba macho, Mkuu. Na usiongee mpaka ushibe."