Kapu la Taka la Blogu ya Parokia

Siku yangu ya kwanza kutunza blogu, niliizima. Nilikuwa karani wa kupiga chapa katika chama kimoja cha wakulima Biharamulo, na Meneja alikuwa amenionyesha kompyuta iliyokaa chini ya meza, akasema, "Hii ndiyo seva. Blogu yetu inaishi humu, haijapanga kwa watu." Saa kumi jioni niliichomoa kwenye umeme, nikaifunika kitambaa kama nilivyozoea kuifunika taipureta, nikafunga ofisi. Sijafika nyumbani, Meneja akapiga simu kutoka Lusahunga alikokuwa na wanunuzi wa mahindi.

"Karani, blogu iko wapi? Nawaonyesha wageni, haipo!"

"Nimeizima, Meneja. Muda wa kazi umekwisha."

"Umeizima? Mzee wangu, hiyo ni kama hospitali, hailali! Rudi!"

Ndivyo nilivyoanza, nikiwa na mvi tayari na cheti cha kidato cha nne. Blogu ikiwa kwenye seva yenu wenyewe, hakuna kampuni ya kulaumu. Umeme ukikatika ni wewe, programu ikihitaji kusasishwa ni wewe. Kabla ya kusasisha chochote unachukua chelezo, yaani nakala ya kila kitu, unaiweka pembeni, ili mambo yakiharibika uwe na pa kurudi. Meneja alinifundisha pia kubadili kiolezo, ile sura ya blogu, na kuchomeka programu-jalizi, ambazo huipa blogu kazi isiyozaliwa nayo. Nilijifunza kwa kuharibu.

Chama kilipofunga ofisi nilirudi kwetu Ngara, na Paroko akanichukua. Alikuwa mtu wa haraka, mkali, mwenye kucheka ghafla. Kwetu Wakatoliki majina ya wachumba husomwa kanisani Jumapili tatu, ili mwenye kujua kizuizi aseme. Paroko aliona hilo halitoshi tena.

"Vijana wetu wanachumbiana Mwanza, Kahama, ng'ambo ya mpaka pale Kabanga," aliniambia. "Anayejua kizuizi hakai kwenye mabenchi yangu. Weka majina kwenye blogu, na chini yake nafasi ya maoni."

Niliutengeneza ukurasa huo, ukapendeza. Lakini haukupita muda, matangazo ya taka yakaanza kumiminika kwa lugha za mbali. Paroko aliingia ofisini na simu mkononi.

"Karani! Chini ya jina la binti wa watu kuna kamari! Baba yake ananiuliza kama mahari imechezewa!"

Basi nikatengeneza kichujio kwa mikono yangu. Maoni ambayo maneno yake mengi hayamo kwenye orodha ya Kiswahili yalikwenda moja kwa moja kwenye kapu la taka, bila kunijulisha. Kila Jumamosi nililimwaga kapu lile bila kusoma. Kamari ikakoma. "Kumbe hata taipureta inazaa kompyuta!" Paroko alicheka, akanipiga begani. Nilivimba kichwa.

Jumamosi moja Paroko alikwenda kigango cha Murukulazo kumfungisha ndoa Leokadia, binti wa Katekista wa pale, na kijana abadilishaye fedha Kabanga. Mimi nilibaki ofisini. Wiki zile nilikuwa nimeacha kapu lijae, kwa uvivu tu. Nilichukua chelezo, nikafungua kapu, kidole kikiwa tayari kwenye "futa yote". Jicho likanasa maneno: *Uwo mugabo ni uwanje.*

Hicho ni Kirundi, na Mhangaza wa Ngara kama mimi hahitaji mkalimani. Yaani, huyo mwanamume ni wangu. Tulifunga ndoa kanisani, tuna watoto. Mwanamke aliyeandika aliweka jina la parokia yake na namba ya simu. Nilishuka chini zaidi: ujumbe uleule ulikuwa umekuja mara tatu, baada ya kila tangazo la ndoa.

Nilimpigia Paroko, simu imezimwa, kama kawaida yake akiwa altareni. Nikampigia Katekista, ikaita mpaka ikakata. Nikaogopa: je, kama ni mwanamke mwenye wivu tu? Nikapiga namba ile ya ng'ambo, tukaongea Kirundi.

"Wewe ni wa parokia?"

"Ndiyo, mama. Haya uliyoandika ni kweli?"

"Nimeandika mara tatu, mmenyamaza mara tatu. Nikasema, basi Kanisa la huko limemkubalia. Misa ni saa ngapi?"

"Saa nne."

"Sasa hivi ni saa ngapi?"

Nilitazama saa ya ukutani. Nilitoka mbio.

"Mzee, unakimbilia pilau?" kijana wa bodaboda alinitania.

"Endesha, mwanangu."

Mvua ilikuwa imeharibu njia. Mara mbili tulishuka kusukuma, matope mpaka magotini. Tulipokaribia kigango nilisikia vigelegele, nikaomba viwe vya kuingia. Vilikuwa vya kutoka. Leokadia alisimama mlangoni na shela lake, na baba yake akaniona.

"Karani! Misa imekupita, lakini chakula bado!"

Nilimkuta Paroko sakristia akivua stola. Nilimweleza yote.

"Huo ujumbe ulikuwa wapi siku zote hizi?"

"Kwenye kapu, Padre."

"Nani aliuweka?"

"Mimi. Mashine ilifanya nilichoiambia."

Alikaa kitini, stola bado mkononi. Kisha akamwita bwana harusi, naye akakana kwa viapo. Paroko akapiga ile namba, akaongeza sauti ya simu tusikie sote. Mwanamke alimwita mumewe kwa jina la utoto, naye akainamisha kichwa.

Ndoa ile ilikuwa batili tangu mwanzo, Paroko alieleza. Lakini ubatili wa kisheria hauwasahaulishi watu waliokupigia vigelegele.

Leokadia alikuja ofisini Jumatatu. Hakulia. Aliomba aone maneno yenyewe, nikamfungulia. Akasoma, kisha akanigeukia na kuniambia kwa Kihangaza:

"Mzee, ungeyasoma, ungeyaelewa?"

"Ningeyaelewa. Ndivyo mama yangu alivyoongea."

"Basi kwa nini uliyaita taka?"

Niliondoa kichujio siku ileile, yeye akiwa amesimama nyuma yangu. Tangu hapo mpaka nilipostaafu nilisoma maoni yote kwa macho, kamari na dawa za nguvu za kiume pamoja, na niliyemkabidhi nenosiri nilimwachia kazi hiyo kabla ya nyingine zote. Vijana mnaotunza blogu mtakuwa na vichujio bora kuliko changu. Waulizeni waliovitengeneza kama vinamjua mama yenu.

Leokadia alirudi kwa baba yake Murukulazo. Nikienda kusali kule hunifuata baada ya misa, hupiga goti kidogo kama alivyolelewa, na kuniambia, "Shikamoo, mzee." Namwitikia marahaba, kwa sababu kunyamaza nilishanyamaza mara tatu.