Kadi ya Harusi Isiyo na Bibi Harusi

Lile faili nililifungua mimi. Nilikana kwa miezi, tena kwa uso mkavu.

Lilitoka namba nisiyoijua: "Binti yetu anaolewa. Fungua kadi." Kadi huwa ni picha, hii ilikuwa programu. Simu ikaniuliza kama naruhusu kusakinisha kitu kisichotoka kwenye duka lake la programu. Iliniuliza kwa Kiswahili. Nikaruhusu, mimi mwenye digrii mbili, niliyekuwa nikiwahubiria ndugu kwenye kundi la ukoo kwamba wasisakinishe kinacholetwa na ujumbe, waweke namba ya siri ya pili kwenye akaunti, na wakitumiwa jambo la ajabu wapige simu kwanza. Lakini Bukoba kuna kitu kinachotisha kuliko virusi: harusi ipite, usemwe kwamba hukuijali.

Chai yangu haijapoa, simu ikawa imeituma kadi kwa ukoo mzima. Binamu wawili waliibiwa akaunti. Nilipoulizwa, nikasema nimeipata kwa shangazi wa Kagoma, kule Muleba. Waliniamini papo hapo. Mwanamke mzee, kibanja cha migomba, simu ya kupapasa: kwa wasomi wetu huo ni ushahidi tosha. Msimamizi wa kundi, binamu wa Rwamishenye ambaye nywila yake ni jina lake mwenyewe, akamtoa, akaandika kwamba wazee wabaki na redio.

Siku hizi misiba yetu hutangazwa kundini. Miezi ikapita, shangazi akakosa mazishi ya shemeji yake Kagondo, na walewale waliomtoa wakasema ana kiburi. Mtu wa kwetu akishasemwa hivyo, hata wa kumzika huhesabika kwa vidole.

Alinipigia wiki ile ile ya mazishi. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za watoto, kisha akasema amesikia kwamba eti yeye ndiye aliyesambaza kadi. Nikamtuliza kwamba hata wataalamu hudanganywa.

"Harusi ya nani?" akauliza.

Nilikumbuka kwamba ujumbe haukutaja jina. Akaendelea:

"Binti gani wa ukoo huu anaolewa bila mimi shangazi kumfunda? Kadi ya namna hiyo ningeifungua nikitafuta nini? Aliyeifungua ni mtu asiyejua yanayoendelea nyumbani."

"Ni mimi, shangazi."

"Najua, mwanangu. Waandikie wote kundini. Sikati simu."