Siku Tuliyomfunika Mwigizaji wa Kiitaliano

Habari hii naionea aibu hadi leo, lakini kwa kuwa nusu yake mmeshaisikia saluni, bora muipate yote kwangu mimi mkosaji.

Mwaka 2017 alikuja kuigiza kwenye ukumbi wa michezo wa Braamfontein, hapa Johannesburg, mwigizaji wa Kiitaliano, bibi wa miaka sabini na kitu, na rafiki yangu Mkongo, Maman Furaha, anayesuka nywele Jeppestown, akapewa kumtengenezea wigi. Kazi ya majaribio, likikaa vizuri ukumbi ungemwajiri. Akanipa tiketi nne za onyesho la mchana, yangu na za kina mama watatu wa kwaya ya kanisa lake. "Yaya Neema, weye ni mwalimu, uwaelezee." (Yaya kwao ni dada mkubwa. Na mnanijua, nikiombwa kueleza sinyamazi.)

Nikasoma maisha ya yule bibi wiki nzima: mtoto wa fundi viatu, jukwaani tangu miaka kumi na sita, filamu zikampa jina, kisha moyo ukamwangusha katikati ya onyesho huko kwao, akaziacha filamu, akapona, akarudi jukwaani alikoanzia. Mchezo wenyewe nilisoma kurasa kumi tu, nikacheka, nikafunga. Tulipokaa mstari wa mbele nikawahakikishia wenzangu, "Huu ni wa kuchekesha, hafi mtu."

Tukacheka kweli, hadi bibi alipojishika kifua, akayumba, akaanguka.

"Moyo wake!" nikapiga kelele (mimi, kwa mdomo huuhuu).

Sasa, ili mnielewe: mtu akianguka hadharani, kina mama wale hawasubiri kuitwa, wanafungua vitenge walivyojifunga kiunoni wanamstiri. Kufumba na kufumbua wako jukwaani, wanamfunika, wanakemea mauti kwa sauti za kwaya, mimi nampepea, namwinua kichwa, na wigi hilo, limebaki mkononi mwangu! Ukumbi unapiga makofi, unadhani ndio mchezo. Nyuma ya pazia Maman Furaha analia, "Eish, yaya, kazi yangu!"

Bibi akafungua jicho moja, akaninong'oneza kwa Kiingereza cha kukwaruza: "Mwanangu, niache nife. Zimebaki dakika mbili."

Tukashuka kinyumenyume.

Meneja alitaka kumfukuza Maman Furaha palepale. Bibi akamkatalia: wigi halikuwa na kosa, lilivutwa na mwendawazimu. Kazi ikapatikana, na kitenge kimoja akakiomba, akafa nacho kila onyesho hadi alipoondoka.

Mimi bado naeleza, ila kwanza nasoma hadi ukurasa wa mwisho. Na tiketi ninazopewa siku hizi ni za ghorofani, nyuma kabisa. "Kutoka kule," anasema Maman Furaha, "tuone utamfufua nani."